Kutoka Posho hadi Malewa: Nani Aliwalisha Wachimba Shaba wa Lualaba?

Vitabu vya historia ya Katanga vimejaa tani za shaba, majina ya wakurugenzi wa Brussels na tarehe za mikataba. Habari za sufuria ni chache mno. Lakini hakuna jiwe lililotolewa ardhini Kolwezi kabla mtu hajala, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mbali na kwao, akiwa na muda mfupi wa kupumzika na senti chache mfukoni. Nani atampikia? Swali hilo lilizuka katika kila nchi iliyojenga reli, viwanda na migodi. Marekani lilijibiwa na watu ambao majina yao leo yamebandikwa juu ya milango ya mikahawa dunia nzima. Katika ukanda wa shaba wa Kongo lilijibiwa kwanza na kampuni, na kampuni ilipoanguka likajibiwa na akina mama ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kapata ni kambi ya wafanyakazi iliyojengwa na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, pembeni mwa Kolwezi, mkoani Lualaba, jirani na migodi ya Mashamba na Dikuluwe. Nyumba zake zilipangwa na wahandisi. Mbabula za makala zilizo barazani na kando ya njia, zenye sufuria ya maharage, karai la mikate na chungu cha sombe (majani ya muhogo), hazikupangwa na mhandisi yeyote. Zililetwa na haja. Tukitaka kujua zilivyofika hapo, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Reli iliyoleta mahindi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 1906. Reli iliyokuwa ikipanda kutoka kusini ilivuka mpaka wa Rhodesia Kaskazini huko Sakania, na mwaka 1910 ikafika Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Juni 1911 tanuri la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza. Madini yalikuwapo tele. Watu wa kuyachimba ndio waliokuwa haba. Mwaka 1910 ilikuwa imekwisha kuundwa ofisi ya kuajiri, Bourse du Travail du Katanga, ambayo mawakala wake walizunguka vijijini wakikusanya vijana kwa mikataba ya miezi michache. Wengine walitoka Rhodesia, wengine Luapula, wengine Lomami, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 wengine wakatoka Ruanda-Urundi.

Vijiji vya jirani havikuwa na akiba ya kulisha umati huo. Kwa hiyo mabehewa yaliyoleta mashine na makaa ya mawe ya Wankie yalileta pia magunia ya unga wa mahindi kutoka mashamba ya Rhodesia. Hivyo ndivyo bukari, yaani ugali, ya mahindi ilivyokuwa chakula cha kila mtu mjini. Waliokuja walikuwa wamezoea mihogo, mtama, ulezi au ndizi. Mahindi yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa rahisi kusafirisha, kupima na kugawa. Matumbo mengi hayakuyazoea upesi, malazi yalikuwa mabovu, na katika miaka ile ya mwanzo kuhara, kichomi na homa viliua wafanyakazi wengi kambini.

Posho iligawiwa kwa wiki: unga, maharage au karanga, nyama au samaki, mafuta ya mawese na chumvi. Sheria ya mkataba wa kazi ya mwaka 1922 ilimtaka mwajiri amlishe mfanyakazi wake. Kuijaza posho hiyo kulizaa biashara kubwa. Kampuni ya Elakat ilifuga na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya miji ya madini. Huko Kasenga, kwenye mto Luapula, wafanyabiashara Wagiriki walinunua samaki kwa wavuvi, wakawapakia kwenye barafu na kuwakimbiza kwa malori hadi Élisabethville. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu, ambaye hupanda mto kwa makundi makubwa wakati wa kutaga. Nyavu zilimngoja njiani mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 alikuwa karibu ametoweka. Njaa ya mji wa shaba ilifika mbali kiasi hicho.

Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK iliunganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na mahindi yakaanza kuteremka kutoka Kasai na Lomami pia. Huko wakulima walilazimishwa na utawala kulima na kuuza kwa bei iliyopangwa na wengine. Sahani ya mchimbaji ilikuwa rahisi kwa sababu jasho la mkulima lilinunuliwa rahisi.

Kampuni inayoingia jikoni

Kati ya mwaka 1926 na 1928 Union Minière ilibadili mwendo. Kuajiri vijana wapya kila baada ya miezi michache kulikuwa na gharama kubwa, na wengi walikufa au kutoroka kabla hawajaijua kazi. Kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikahimiza wake waje kambini, ikajenga nyumba, zahanati na shule. Msimamizi mkuu wa sera hiyo alikuwa daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha maelezo marefu ya matokeo ya miaka ishirini ya kazi hiyo.

Mke akapata posho yake na watoto wakapata yao. Watoto walioachishwa ziwa walipelekwa kwenye kantini ya watoto, wakala mbele ya wasimamizi, kwa kuwa kampuni haikuamini kwamba chakula walichopewa wazazi kingemfikia mtoto. Afya ya watoto ilipata nafuu, na hilo ni jema ambalo mwanahistoria hapaswi kulificha. Lakini mama aliondolewa neno la mwisho juu ya sahani ya mwanawe. Kampuni ilijua kila familia inakula nini, kiasi gani na siku gani, na mfanyakazi aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, nyumba na chakula kwa siku moja.

Desemba 1941 mambo yakaripuka. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu, huku shaba ya Katanga ikihitajiwa kuliko wakati wowote. Wafanyakazi wa Jadotville, yaani Likasi, na wa Lubumbashi waligoma wakidai mishahara inayotosha kuishi. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi, askari walifyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea wenzake, aliuawa pamoja na makumi ya wengine. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba posho peke yake inatosha kumridhisha mtu.

Huko Marekani, miaka ileile

Wakati Union Minière ikipima unga kwa kilo, Marekani ilikuwa ikilijibu swali lilelile kwa njia nyingine. Huko nako reli ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1876 Fred Harvey, mhamiaji aliyetoka Uingereza akiwa kijana, alifungua chumba cha chakula katika kituo cha treni cha Topeka, Kansas, ili abiria wa reli ya Santa Fe wale vizuri na kuondoka kwa wakati. Vyumba vyake vikaenea kituo kwa kituo kuelekea magharibi, na huo ukawa miongoni mwa minyororo ya kwanza ya mikahawa katika nchi hiyo.

Kisha vikaja viwanda. Mwaka 1916, mjini Wichita, Kansas, mpishi Walter Anderson alianza kuuza mkate wenye nyama ya kusaga katika behewa kuukuu la tramu. Mwaka 1921 aliungana na Billy Ingram, mfanyabiashara wa bima na majengo, wakaanzisha White Castle. Bei ilikuwa senti 5. Vibanda vyao vyeupe viliwekwa karibu na viwanda na vituo vya tramu, mahali ambapo mfanyakazi mwenye dakika chache angeweza kula na kurudi kazini.

Harland Sanders, mzaliwa wa Indiana wa mwaka 1890, alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka 5, akajifunza kupika kwa sababu mama yake alikwenda kufanya kazi na wadogo zake walihitaji kula. Mwaka 1930, nchi ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, alikuwa akisimamia kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky. Madereva wa safari ndefu walifika wakiwa na njaa, naye akaanza kuwapikia na kuwakalisha kwenye meza ya chakula ya nyumbani kwake. Hakuwa na mgahawa; alikuwa na meza moja. Mwaka 1952 rafiki yake Pete Harman wa Salt Lake City akawa wa kwanza kuuza kuku wa Sanders kwa makubaliano ya kulipa ada. Barabara kuu mpya ilipokwepa Corbin, biashara ya Sanders pale ikafa, naye akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60 akazunguka nchi akiuza haki ya kupika kwa njia yake. Mwaka 1964 aliiuza kampuni hiyo kwa dola milioni 2.

Ndugu Richard na Maurice McDonald walitoka Manchester, New Hampshire, ambako baba yao alipoteza kazi katika kiwanda cha viatu baada ya kukitumikia miaka mingi. Wakahamia California, wakafungua kibanda mwaka 1937, kisha mgahawa San Bernardino mwaka 1940. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda, wakapunguza orodha ya vyakula, wakachora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi jinsi kila mpishi atakavyosimama na kupokezana kazi, wakafungua tena wakiuza mkate wenye nyama kwa senti 15. Walikuwa wameliingiza jikoni lile wazo la kiwanda kwamba kila mkono ufanye kazi moja. Mwaka 1954 muuzaji wa mashine za kuchanganyia maziwa, Ray Kroc, alifika kuwaona. Aprili 1955 akafungua tawi lake Des Plaines, Illinois. Mwaka 1961 akainunua biashara yao kwa dola milioni 2.7.

Watu hawa walianza kwa biashara ndogo, na wengi wao waliijua shida. Walichokipata ambacho mpishi wa Katanga wa wakati ule hakukipata ni uhuru wa kufungua biashara popote, benki ya kukopesha, sheria ya kulinda jina lao, na wateja waliolipwa mshahara wa fedha taslimu. Kambini kwa Union Minière chakula kilikuwa sehemu ya ujira. Mtu aliyelishwa na bwana wake hana sababu kubwa ya kununua sahani kwa jirani, na mama aliyependa kuuza pombe au mikate alifanya hivyo kwa kujificha au kwa kuvumiliwa tu.

Gunia la Gécamines

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937. Reli ya kwenda Dilolo na bandari ya Lobito ilikuwa imekwisha kukamilika mwaka 1931, na migodi ya Musonoi na Kamoto ikaufanya mji huo kuwa moyo wa magharibi ya Katanga. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, kiwanda cha Luilu kilianza kazi. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière, na kampuni iliyorithi migodi ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines.

Gécamines ilirithi pia sufuria. Iliendelea kugawa unga kwa familia za wafanyakazi, ikasimamia hospitali, shule na viwanja vya michezo, na mwaka 1984 ikaundiwa tawi maalumu, Gécamines Développement, la kushughulikia kilimo na chakula. Wazee wa kambi hukumbuka miaka hiyo kwa gunia la unga lililofika kila mwezi. Hata baada ya vita vya Kolwezi vya Mei 1978 kampuni ilisimama tena, na mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba.

Kuanguka kwake kulikuja upesi. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 uporaji uliozuka Kinshasa ukafika Kolwezi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, nyingi zikilala kwenye vituo vya treni zikingoja usafiri, na kampuni ikapoteza mafundi ambao isingeweza kuwapata kwingine. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulishuka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi, gunia likapungua, kisha likakoma. Mwaka 2003 mpango uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia uliwaondoa kazini wafanyakazi 10,655 wa Gécamines kwa malipo ya mkupuo.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyekusanya kumbukumbu za familia hizi kwa miaka mingi, aliandika kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake linawaita watu wa Shaba, jina la Katanga enzi za Mobutu, watoto walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Alipoondoka, nyumbani alibaki mama.

Mama anawasha mbabula

Huyo mama hakuwa na mshahara wa kupoteza, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kujua la kufanya. Alikuwa na jiko, sufuria na baraza lenye watu wanaopita. Wengine walianza kwa mikate ya asubuhi, wengine kwa munkoyo, kinywaji cha nafaka, wengine kwa dagaa waliokaushwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilipowaruhusu raia kuchimba kwa mikono, maelfu ya vijana wakamiminika kwenye mashimo yaliyozunguka Kolwezi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ikaitambua kazi hiyo. Hapo wateja wakaja wenyewe: wachimbaji, wabebaji, waosha mawe wa ziwa Malo karibu na Kapata, madereva wa pikipiki, wanunuzi wa kobalti. Karibu wote walihitaji kula upesi na kurudi.

Hivyo ndivyo malewa ilivyoshika mizizi. Malewa ni mgahawa wa mama: paa la turubai au mabati, benchi, mbabula mbili tatu. Kazi huanza kabla ya alfajiri, kwa kuwa maharage hayana haraka. Sombe hutwangwa na kuchemshwa saa nyingi. Unga wa mahindi, mara nyingi ukichanganywa na wa muhogo, husongwa karibu na saa ya kula ili bukari ifike mezani ingali moto. Haraka anayoiona mteja inatokana na subira ambayo hakuiona. Jioni huja zamu ya michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayokatwa vipande mbele ya mnunuzi.

Mashimoni wanawake wengi wamezuiwa kushuka na imani kwamba wakiingia madini hutoweka, kwa hiyo wamebaki juu wakiosha mawe, wakiyapepeta, au wakipika. Mtaji wengi wameupata kwa likelemba, mchango wa zamu ambao kila mmoja huupokea siku yake ikifika. Mchimbaji asiye na fedha hula kwa deni, na mama huliandika daftarini au kichwani, akijua kwamba shimo likikosa jiwe, au likiporomoka, deni hilo halitalipwa. Juni 2019 maporomoko katika mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi, yaliua wachimbaji wa mikono wasiopungua 43. Kila aliyekufa alikuwa na mahali alipokuwa akila.

Kwa nini hakuna jina juu ya mlango

Kwa nini malewa haikuzaa mnyororo wa mikahawa kama ule wa Sanders au wa ndugu McDonald? Ustadi upo: anayeweza kulisha mamia ya watu kwa mbabula mbili ni mratibu hodari. Vikwazo viko kwingine. Benki haikopeshi anayepika kando ya njia. Ushuru wa sokoni hutozwa kila siku, na eneo la kazi laweza kubomolewa bila taarifa. Wateja huhama kila mgodi unapofungwa. Na sehemu kubwa ya unga bado hutoka ng'ambo ya mpaka kama ulivyotoka mwaka 1910, sasa kupitia Kasumbalesa: Zambia ikizuia mahindi yake, bei hupanda Kolwezi. Hata minyororo mikubwa haiko salama: Januari 2022 mikahawa ya KFC, mnyororo wa Sanders, nchini Kenya, iliyoingia huko mwaka 2011, iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vililetwa kwa meli kutoka nje, huku wakulima wa Nyandarua wakiwa na viazi vyao. Jiko lisilolishwa na shamba la jirani hutikiswa na kila jambo la mbali, liwe la kampuni kubwa au la mama mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kuwasaidia akina mama wa malewa aanze na unga unaolimwa Lualaba, maji safi karibu na mabenchi, mahali pa kufanyia kazi pasipobomolewa, na mkopo mdogo wenye masharti ya haki. Hayo yote yamo ndani ya uwezo wa mkoa unaotoa kobalti nyingi kuliko nchi yoyote nje ya Kongo.

Kuna kazi nyingine isiyogharimu fedha. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani waliowapikia na kuwafulia Wazungu. Kijitabu hicho kilipigwa chapa kwa mashine ya mkono, kisha mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian akakichapisha upya, na leo wasomi wa nchi nyingi wanakitegemea. Kama watumishi wa nyumbani waliweza kuiandika historia yao, ya akina mama wa malewa nayo inaweza kuandikwa. Wewe unayeishi Kapata, Luilu, Musonoi au Kasulo, ukimaliza kula muulize mama alianza mwaka gani, kwa mtaji gani, akimlisha nani, na unga ulikuwa bei gani. Kwa ruhusa yake, andika jina lake na tarehe. Waasisi wa chakula cha haraka cha Lualaba bado wako hai, na wakati wa kuwauliza ni huu.